Kariakoo: mitaa yake, jina lake, na lini safari inalipa

Mpunga ukishavunwa na magunia yakishauzwa, wenye maduka na wanaotaka kufungua maduka katika vijiji vyetu huanza kuulizana swali moja: mzigo ununuliwe Ifakara au ufuatwe Kariakoo? Idete, Mbingu, Mngeta hadi Mlimba, kila kijiji kina mtu aliyekwenda akarudi na mzigo wa maana. Kina pia mtu aliyekwenda na fedha ya mavuno akarudi na hadithi.

Makala haya yanaeleza Kariakoo ni mahali gani, jina lilitoka wapi, kila mtaa unauza nini, bei zinakwendaje, na namna ya kupiga hesabu kabla ya kupanda basi. Tumeongeza sehemu za kutembelea, kwa sababu mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka huku hana sababu ya kurudi bila kuona chochote zaidi ya maboksi.

Kariakoo ni nini hasa

Wengi tunaposema "soko la Kariakoo" tunafikiria jengo moja. Jengo lipo, lakini Kariakoo ni kata nzima ndani ya Jiji la Dar es Salaam, eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala. Ni mitaa iliyonyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Nyumba za zamani za Waswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, nyingi zimebomolewa na kupandishwa maghorofa. Chini kuna maduka, juu kuna maduka mengine na stoo, na juu zaidi wanaishi watu. Chumba kimoja cha duka huitwa fremu, na fremu moja inaweza kugawanywa kwa wafanyabiashara wawili au watatu.

Wateja wake si Watanzania peke yao. Wanakuja kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Burundi na Visiwa vya Komoro. Bidhaa nyingi huingia kwa kontena kutoka China, hasa miji ya Guangzhou na Yiwu, na nyingine hutoka Dubai na Uturuki. Kwa hiyo beseni la plastiki unalolikuta dukani Idete huenda lilipita bandarini, likalala stoo Kariakoo, likapanda lori hadi Ifakara, kisha likamalizia safari kwenye bodaboda. Kila lilipopumzika, bei iliongezeka kidogo.

Jina lilitoka wapi

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipanga kuwahamishia Waafrika upande wa magharibi wa uwanja wa Mnazi Mmoja, mbali na mtaa wao wa pwani. Walijenga hapo jengo la soko, lakini vita ikaanza mwaka 1914 kabla halijafanya kazi yake. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na eneo hilo wakaligeuza kuwa kambi ya kikosi chao cha wapagazi. Kwa Kiingereza kikosi kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, na jina ni lile lile.

Wapagazi hao walikuwa wanakijiji. Walichukuliwa majumbani na pande zote mbili za vita, wakabebeshwa risasi, chakula na vipande vya mizinga kupita kwenye matope na mbuga. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Bonde letu lilikuwa katikati ya vita hiyo, kwani Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi mwaka 1917. Ukisikia mzee wa Ulanga akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, anazungumzia mambo yaliyolipa Kariakoo jina lake.

Baada ya vita eneo likawa mji wa Waafrika na soko likafunguliwa. Jengo hilo la Wajerumani lilibomolewa miaka ya 1970, na soko jipya likafunguliwa mwaka 1975. Lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo. Paa lake liliundwa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini: inatoa kivuli kama mti wa sokoni, na mvua ikinyesha inakusanya maji na kuyapeleka kwenye matangi. Chini ya ardhi kulikuwa na sehemu ya mazao kwa jumla, ambayo wenyeji huiita Shimoni. Juu kulikuwa na maduka, yakiwemo ya pembejeo za kilimo.

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza soko hilo na mali ya wafanyabiashara wengi. Ujenzi na ukarabati ulianza mwaka uliofuata. Hata hivyo biashara ya Kariakoo haikusimama, kwa sababu sehemu kubwa yake iko mitaani.

Mtaa kwa mtaa

Mgeni anayezunguka bila mpango humaliza siku nzima bila kununua. Mwenyeji anajua kwamba wauza bidhaa moja hukaa pamoja. Hii ndiyo picha ya jumla, ingawa fremu hubadilisha wenyewe kila mara:

Mtaa wa Kongo unajulikana kwa nguo za dukani, viatu, mikoba na vitu vidogo vidogo. Ndio mtaa wenye msongamano kuliko yote, na wamachinga hupanga bidhaa hadi katikati ya njia.

Mtaa wa Aggrey na jirani zake, kama Likoma, ni wa simu, chaja, spika na vifaa vyake.

Mtaa wa Uhuru una maduka ya khanga na vitenge kwa jumla. Anayeuza khanga kijijini aanzie hapa.

Upande wa Gerezani ni wa vipuri vya magari na vifaa vya chuma na ujenzi.

Kuzunguka soko lenyewe, kwenye mitaa kama Tandamti, Mkunguni, Swahili na Nyamwezi, kuna mchanganyiko wa vyombo vya nyumbani, viungo, nafaka, vifungashio na pembejeo.

Mitumba ya balo usiitafute katikati ya Kariakoo. Nenda Ilala, upande wa Karume na Mchikichini, hatua chache kutoka hapo. Na kama umekuja na mchele wa Kilombero, wanunuzi wakubwa wa nafaka wako Tandale, ndani ya Kinondoni.

Neno moja kwa wakulima wa mpunga. Mtu kutoka Idete hana haja ya kufuata mbegu ya mpunga Dar es Salaam. Mbegu ya SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, ilitokana na utafiti wa hapa hapa kwetu, katika kituo cha TARI Ifakara ambacho wengi bado tunakiita KATRIN. Anzia huko. Ukinunua mbegu au dawa popote pengine, tazama lebo ya TOSCI kwenye mbegu na usajili wa TPHPA kwenye dawa. Mfuko usio na lebo, hata uwe wa bei nafuu namna gani, unaweza kukugharimu msimu mzima.

Jumla, rejareja na winga

Bei ya Kariakoo inategemea unanunua kiasi gani. Kitu kile kile kina bei ya kimoja, bei ya dazeni, bei ya katoni, na bei ya mtu anayechukua katoni nyingi. Duka linalokuuzia kimoja linaweza kuwa limenunua katoni ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo. Kwa hiyo usiulize tu "bei gani?" Uliza: "Nikichukua dazeni? Nikichukua katoni?" Kisha panda ngazi. Kwa kawaida maduka ya barabarani hulipa kodi kubwa zaidi, na kodi hiyo imo ndani ya bei.

Utakutana pia na mawinga. Winga ni kijana anayesimama mtaani, anakuuliza unatafuta nini, kisha anakupeleka dukani. Wengine ni waaminifu na wanajua kila kona. Lakini winga naye anakula, na anachokula kinaongezwa kwenye bei yako au kinatolewa na mwenye duka. Ukitumia winga, mwulize mapema analipwa na nani, na linganisha bei katika maduka matatu kabla hujatoa fedha. Jambo moja usilifanye kamwe: usimkabidhi winga fedha akakuletee mzigo. Fedha inatolewa mbele ya mwenye duka, mzigo ukiwa mezani na umeshahesabiwa.

Ukilipa, dai risiti ya mashine ya EFD. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na kiasi kilichoandikwa kiwe kile ulicholipa. Bila risiti huna pa kushika mzigo ukiwa mbovu, na ukikaguliwa njiani utapata tabu kueleza mali ni yako.

Hesabu ya safari

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Bei ya Kariakoo huwa chini kuliko ya Ifakara kwa bidhaa nyingi, lakini safari nayo ina bei yake. Tupige hesabu kwa namba za mfano tu. Wewe weka zako.

Tuseme safari nzima, yaani nauli ya kwenda na kurudi, kulala siku mbili, chakula na kusafirisha mzigo, inakugharimu shilingi 160,000. Tuseme pia bidhaa zako Kariakoo zinapungua kwa asilimia 15 ukilinganisha na jumla ya Ifakara.

Ukienda kuchukua mzigo ambao Ifakara ungeununua kwa shilingi 600,000, utaokoa 90,000. Toa gharama za safari: umepoteza 70,000, na siku tatu za duka lililofungwa hatujazihesabu.

Ukienda kuchukua mzigo ambao Ifakara ungeununua kwa shilingi 2,000,000, utaokoa 300,000. Toa gharama: zimebaki 140,000. Safari imelipa.

Maana yake ni hii. Mwenye mtaji mdogo akienda peke yake, mara nyingi hasara anaisafiria mwenyewe. Lakini wenye maduka watatu au wanne wa kijiji kimoja wakichanga, wakaandika orodha ya kila mmoja, wakamtuma mmoja wao, gharama zinagawanyika na mzigo unapata bei ya katoni. Vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari vipo vijijini vinaweza kuwa mahali pa kuanzia. Muhimu ni maandishi: nani ametoa kiasi gani, ameagiza nini, na mzigo ukiharibika au kupotea hasara inagawanywaje. Mkubaliane kabla ya safari, maana baada ya hasara hakuna anayekubali.

Njia ya kufika

Basi kutoka Ifakara hupita Kidatu, Mikumi na Morogoro hadi stendi kuu ya Magufuli iliyoko Mbezi, ambayo ilizinduliwa mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo. Ukishuka hapo bado hujafika Kariakoo. Panda daladala au mwendokasi, na ukitumia mwendokasi uliza kama itakubidi kubadilisha Kimara. Vituo vinavyokufaa ni Msimbazi Polisi na Gerezani.

Njia ya pili ni kushuka Morogoro na kupanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Stesheni yake ya Dar es Salaam iko katikati ya mji, karibu na Kariakoo, kwa hiyo unakwepa foleni ya Barabara ya Morogoro. Kata tiketi mapema, na uje na kitambulisho.

Reli ya TAZARA inapita katika bonde letu, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko Barabara ya Nyerere. Ratiba zake zimekuwa zikibadilika, basi ulizia stesheni kabla ya kupanga siku.

Mzigo unaporudi, ndani ya Kariakoo hubebwa na mkokoteni, guta, bajaji au kirikuu. Patana bei kabla mzigo haujapandishwa, na ufuatane nao. Ukiupeleka ofisi ya mizigo ya basi au lori, andika jina na namba ya simu kwenye kila furushi, hesabu mafurushi mbele ya karani, na chukua stakabadhi yenye idadi hiyo hiyo.

Fedha, simu na ujanja wa mjini

Usitembee na fedha ya mavuno mfukoni. Iweke benki au kwenye simu, kisha lipa kwa lipa namba au toa kwa wakala kidogo kidogo. Namba ya siri ni yako peke yako. Wakala haiulizi, na winga haiulizi. Ukipigiwa simu na mtu anayesema ametuma fedha kwa makosa, angalia salio lako mwenyewe kabla hujarudisha chochote.

Ujanja wa Kariakoo ni wa zamani, ila kila mwaka unapata mtu mpya. Kuna simu nzuri inayouzwa njiani kwa bei ya kutupa: unaonyeshwa simu halisi, inafungwa kwenye boksi, na ukifika nyumba ya wageni unakuta kipande cha sabuni. Kuna karata tatu, ambapo wale unaowaona wakishinda ni wenzake mchezeshaji. Kuna anayekumwagia kitu kwenye shati na mwenzake akaja kukusaidia kufuta huku mkono wake uko mfukoni mwako. Dawa ya haya yote ni moja: nunua dukani, usinunue njiani, na usisimame kwenye kundi lisilokuhusu.

Ukinunua simu, bonyeza *#06# upate namba yake ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakuonyesha aina ya simu. Likitofautiana na simu uliyoishika, irudishe mezani. Kwa bidhaa nyingine tazama alama ya TBS na tarehe ya mwisho ya kutumia, hasa vyakula na vipodozi.

Majengo na migomo

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Uokoaji ulichukua siku kadhaa. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Serikali iliunda tume kuyachunguza majengo ya eneo hilo. Msiba ule ulituonyesha sote kwamba ghorofa zilizoshonana na stoo zilizojaa hadi darini zina hatari yake. Ukiingia jengo, tazama ngazi ziko wapi. Ukiona wanachimba chini au ukuta una nyufa kubwa, mzigo huo tafuta duka jingine.

Kuna na migomo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia ukusanyaji wa kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 walifunga tena. Mtu aliyefika na fedha siku kama hiyo hulala mjini kwa gharama zake. Kabla ya kuondoka sikiliza taarifa ya habari, na mpigie mtu aliye Dar es Salaam.

Vya kuona ukiwa huko

Ukimaliza kununua, tembea. Mtaa wa Msimbazi ni nyumbani kwa Simba, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo hadi mwaka 1971 iliitwa Sunderland. Umbali mfupi kutoka hapo, kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, kuna jengo la Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935. Watani hawa wanaotugawa hadi mezani vijijini ni majirani. Piga picha kwenye jengo lako, na ikiwezekana kwa watani pia.

Mtaa wa Lumumba kuna nyumba ambamo TANU iliundwa Julai 7, 1954, na leo ni ofisi ya CCM. Mbele yake ni uwanja wa Mnazi Mmoja, wenye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ukivuka uwanja ukaelekea Posta, kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, utaiona Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Wengi hupiga picha na kuondoka. Soma maandishi yake, yapo ya Kiswahili: yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi, wale waliolipa Kariakoo jina lake.

Kabla hujaondoka nyumbani

Andika orodha ya bidhaa na idadi. Uliza bei za jumla za Ifakara uziandike pembeni, ili ukifika Kariakoo uwe na cha kulinganisha. Jumlisha gharama zote za safari, kisha piga hesabu tuliyoonyesha hapo juu. Mweleze mtu wa nyumbani unalala wapi na unarudi lini. Safiri ufike jioni, ulale, uanze kununua asubuhi; mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, lakini mgeni mwenye fedha ananunua vizuri zaidi mchana.

Na kama hesabu inakuonyesha kwamba safari haitalipa, usione aibu kubaki. Nunua Ifakara msimu huu, tafuta wenzako wa kuchanga nao, na mwakani mtumeni mmoja wenu akiwa na orodha ndefu.